Jino la Sita

Mama alikamua zebaki kwa vidole vitupu
miaka ishirini na mitatu, chumba cha meno,
upande wa Langoni, dirisha moja.
Unga wa fedha kidogo, tone la zebaki,
kitambaa cha ngozi; akasokota, akaminya
kama akamuavyo tui.
Mara nyingine tone lilimponyoka,
likagonga sakafu, likazaa watoto mia,
na watoto wakakimbilia chini ya kabati.
Aliniita nije na kipande cha karatasi,
tukawachunga, tukicheka.
Wakigusana wanakuwa mmoja tena, bila kovu.

Siku hizi jina la mtaa liko huku,
la marehemu baba liko kule.
Mchuzi umetiwa chumvi mara tatu.
Funguo nimezikuta ndani ya mtungi.
Nami na karatasi yangu,
sikusanyi kitu.

Nilimuuliza daktari, Mombasa,
kijana mpole, kalamu nne mfukoni.
Akasema: Wapo wanaoshuku, wapo wanaopinga.
Panya wa maabara si mama yako.
Na bibi yako je, hakusahau?

Bibi alisahau.
Hakugusa zebaki maisha yake,
aligusa ukindu, na unga wa mtama.

Nikanyamaza. Nilitaka mshitakiwa,
nikapewa "huenda".
Nimerudi nayo Lamu, huenda hiyo,
haina uzito, haina harufu,
kama mvuke wa kile chumba.

Jana aliniuliza mimi ni binti ya nani.
Wako, nikasema. Barke.
Akatikisa kichwa: Barke mdogo, yuko chuoni.
Nikapiga mwayo. Uchovu tu, sikukusudia.
Akanikamata kidevu, akakigeuzia mwanga,
na vidole vinavyomwaga chai kila asubuhi
havikutetemeka hata kidogo.
"Fungua kinwa. Zaidi."
Akachungulia. Akagonga kwa ukucha
jino la sita, chini, kulia.
"Hii ni kazi yangu," akasema.
"Ulilia siku ile. Ukaning'ata."
Halafu, polepole, kama mtu apandaye ngazi gizani:
"Barke."

Usiku nalipapasa kwa ulimi, jino lile.
Laini. Baridi kidogo.
Daktari wa meno wa sasa, Bwana Shekuwe,
aniambia atalichimba anitilie jeupe,
nusu saa tu, wala sitasikia.

Nimemwambia angoje.