Jino la Ishirini na Tatu

Ubongo wa kipimo hiki ni mdogo kuliko kiberiti.
Nimeulaza juu ya gazeti, mezani, hapa Newala,
na ukungu umeingia kibandani bila hodi
kama kawaida yake mwezi wa sita.
Napangusa miwani. Napangusa kibao.
Anayechagua kiungio
achague na hewa kitakayoivuta.

Msimu uliopita nilichagua kwa macho.
Nilipenda ule wa ulimi wa dhahabu,
mwembamba, unaoingia kinywani kwa mshazari,
ukiulaza unaitika tak,
vibanio viwili vinaushika mabega.
Ofisi ya Dar ikasifu: sanduku limekuwa jembamba,
linaingia mfuko wa koti!
Nani huku anapima korosho amevaa koti?

Ulimi na meno hugombana, tumeambiwa tangu utotoni.
Hatukuambiwa hugombana vipi
juu ya tela la trekta, njia ya Mahuta.

Mwezi wa kumi, ghalani, kipimo kikasema kumi na nne.
Korosho za Asumini Chilumba,
zilizoanikwa siku nne juu ya turubai,
zinazolia ukizitikisa kama kayamba:
kumi na nne. Mbichi. Daraja la pili.
Karani Nampoto akakipiga kofi,
kikasema nane.
Akakipiga tena, kumi na nne.
Akaandika kumi na nne, maana ndiyo ya mwisho.

Sanduku lile nililifungua mwenyewe.
Hakuna kilichoungua, hakuna kilichokatika.
Jino la ishirini na tatu, safu ya chini,
lilikuwa limeinuka unywele mmoja,
na vumbi jekundu limejitandikia mkeka hapo,
vumbi na yale mafuta ya ganda
yanayobabua vidole vya wabanguaji.
Unywele mmoja.
Magunia kumi na moja.

Sasa nachagua upya, na sina haraka.

Kuna ule wa kulehemu moja kwa moja,
kingo zake zimeng'atwang'atwa kama stempu.
Hautikisiki hata uuangushe.
Lakini ukifa unakufa na nyumba nzima,
na kiwanda kikiacha kuutoa
nabaki na masanduku arobaini, kila moja kaburi.

Kuna ule wa kubonyeza, meno mia
kwenye urefu wa ukucha.
Mzuri, sikatai.
Ila kidole kitakachoubadilisha, usiku, taa zimezimika,
foleni ya matela imefika barabarani,
ni kidole cha Nampoto.

Mama ana mpini mmoja tangu sijazaliwa.
Majembe yamepita, sijui manne, sijui matano.
Dukani hatazami chuma kinavyong'aa,
analigeuza, anatazama mkia:
utaingia kwenye tundu langu?

Basi nimechukua miguu minene, safu mbili,
ishirini huku, ishirini kule,
kati ya mguu na mguu milimita mbili na nusu na ushee,
ile ile utakayoipata hata Masasi kwa fundi redio.
Umeme nimeupa miguu mitatu, si mmoja.
Skrubu nne, pembe nne.
Mshipi wa mpira mlangoni, kwa ajili ya ukungu.
Dar wamepiga simu: kimekuwa kama kopo la maziwa.
Nikasema ndiyo.

Jana nimekipeleka Mahuta.
Korosho hakuna msimu huu, tulipima sampuli za mtungini.
Nampoto hakusalimia, alianza na kofi.
Nane na nukta mbili.
Akaongeza la pili, la kulipiza.
Nane na nukta mbili.
Akajifuta kiganja kwenye suruali.

Asumini alisimama mlangoni, hakuingia.
Aliuliza tu
kama kile kibao cha zamani bado ninacho.
Ninacho, nikamwambia.
Kiko droo ya juu, ndani ya nailoni,
na ulimi wake bado unang'aa.