Usiotajwa Kwingineko

Ngamiani tumezaliwa ndani ya namba.
Mtoto akipotea hatafutwi kwa jina la baba,
atasema Barabara ya Kumi na Tatu,
mlango wa kijani, mkabala na kinu,
na atafikishwa kwao wali haujapoa.

Kwa hiyo sikushtuka
mtandao wa zabuni uliponidai
tarakimu nne za biashara ya Bi Mwantumu Sechambo.
"Inataka kodi," nikamwambia.
"Kodi nimelipa," akasema, akatoa risiti.
"Siyo hiyo. Msimbo. Namba ya kazi yako."

Steshenari yangu ina mashine moja ya kurudufu,
feni isiyozunguka, na foleni.
Siku ile umeme ulikatika mara mbili.
Alikaa kwenye benchi, kifurushi mapajani:
brashi sita za mkonge, sampuli,
nyuzi zimekatwa sawasawa
kama nywele za mtoto anayeanza shule.
Hospitali ilitaka mia sita, za kusugulia sakafu.

"Unafanya nini hasa?"
Akajibu kama mtu anavyojibu:
"Nasokota kamba. Nafuma mazulia ya mlangoni.
Vikapu, mtu akiagiza.
Brashi ndizo zinazolipa ada."

Kamba aliitaja kwanza.
Nikaishika ya kwanza:
moja, tatu, tisa, nne,
utengenezaji wa kamba na ugwe.
Nikabonyeza. Elfu tatu. Anayefuata!

Jibu lilichukua wiki tatu:
*Mzabuni hayumo katika kundi husika.*
Bei yake hawakuifungua.
Brashi hawakuzigusa hata kwa kidole.

Alirudi nazo, zote sita.
Hakugomba. Angegomba ningepumua.
"Nisomee," akasema. "Orodha nzima.
Nataka kuijua nyumba yangu."

Nikasoma.
Mazulia yana kwao.
Kamba wanapakana nayo, ukuta kwa ukuta.
Vikapu wamepelekwa kuishi na mbao,
kama bibi aliyehamia kwa mkwe.
Brashi hazionekani.
Nikashuka. Nikapita samani,
nikapita vito vya dhahabu, ngoma na zumari,
mipira, midoli, mikasi ya madaktari,
hadi chini kabisa, mlango wa mwisho kabla ya mafundi wa kukarabati:
tatu, mbili, tisa, sifuri,
*utengenezaji mwingine usiotajwa kwingineko.*

Humo ndani, mifagio na brashi.
Miavuli. Vifungo. Mishumaa.
Majeneza.

Bi Mwantumu akacheka mpaka ushungi ukamshuka.
"Na majeneza! Kumbe tuko wengi.
Hawakujua watuweke wapi, wakatuweka pamoja."
Kisha akanyamaza, akawa anahesabu kwa vidole,
ufagio, kifungo, mshumaa,
na kidole cha nne akakikunja bila kukitaja.
"Barabara ya ngapi hiyo, mwanangu?"
"Elfu tatu mia mbili na tisini."
"Mbali," akasema. "Lakini twende."

Nikabadilisha. Sikumtoza.
Mtandao ukasema ombi limepokelewa,
na zabuni ya hospitali ilikuwa imeshakwenda
kwa mtu wa mbali anayeuza brashi za plastiki,
ambaye namba yake ilikuwa sahihi.

Jioni, kabla ya kushusha shata,
nilijitafuta na mimi.
Nane, mbili, moja, tisa:
kurudufu, kuandaa nyaraka.
Nyumba nadhifu, jina mlangoni.
Nilisoma maelezo yake yote, mara mbili.
Hapakuandikwa popote
kumwuliza mtu mara ya pili.

Brashi moja aliniachia.
Nimesugua nayo chini ya mashine,
wino wa miaka minne.
Umetoka.