Daftari la Presha

Amelala: mia na thelathini na nane.
Naandika kwenye daftari lake la duka,
chini ya mwandiko wake wa zamani:
*Saa ya Mwl. Lugwisha. Betri. Bado elfu mbili.*

Haya, Baba Sayi, keti kwanza ukingoni.
Nyayo sakafuni. Sasa simama, taratibu.
Tuhesabu wote dakika tatu.

Themanini na sita.

Damu imefanya kama bomba letu hapa Bugarika:
bondeni wanaoga, wanafua, wanamwagilia mchicha,
huku juu maweni
ndoo zinakaa zimefumbua midomo hadi usiku wa manane.

Ameshika kitasa. Ananiita Mbuke,
dada yake, aliyezikwa Magu nikiwa bado sijaolewa.
"Mbuke, meli ya Bukoba imetia nanga?"
Imetia, namjibu. Kaa.

Daktari wa Bugando alisema: maji, na chumvi aongeze.
Jirani akiniona natia chumvi kwenye uji
anashika kifua. Presha anayoijua yeye ni ya kupanda.

Namlaza. Kidole gumba na cha shahada
vinaviringisha skrubu ndogo isiyokuwepo,
vinaviringisha, vinaviringisha.
Kisha macho yanatulia juu yangu:
"Ng'washi, uji huu una chumvi."

Amerudi.
Ila kila akirudi kuna kitu amekiacha njiani;
wiki hii ni jina la mjukuu,
na saa ya ukutani, aliyoifungua na kuifunga miaka thelathini,
ameniomba nimsomee.

Naandika: 86. Mbuke. Meli.
Saa nne na robo.