Mwimo wa Kulia

Nyumba ya Katubuka, nyuma ya karakana ya reli.
Mwenyewe alitaka alumini.
Nikaing'oa fremu ya mninga kwa tindo na subira,
na kwenye mwimo wa kulia, usawa wa bega,
nikakuta kidude cha bati, urefu wa kidole,
kimezikwa chini ya rangi saba.
Kimeinama. Nikaweka pimamaji:
kiputo kikakimbilia pembeni kama mwenye aibu.
Nikasema, fundi gani huyu.

Ndani, ngozi iliyoviringishwa kama sigara ya msokoto,
herufi zinaning'inia mistarini kama nguo kambani.
Mchwa walishakula moja.

Mzee Buhanza, mlinzi wa zamani, anamkumbuka mpangaji:
mtu wa kupima kina cha ziwa,
akitoka anagusa mlango, akirudi anagusa, anabusu vidole.
"Nilidhani anaangalia kama rangi imekauka."

Frateri Zebedayo, likizo kutoka Kipalapala,
miaka miwili ya Kiebrania na miwani ya kuazima,
aliisoma kutoka kulia, kama juzuu,
akafika mahali akafunga mdomo.
"Hapa pana herufi nne. Wenyewe hawazitamki.
Wanasema tu: Jina."
Mgongoni mwa ngozi, shini na meno yake matatu:
jina jingine, la kulinda mlango.
Na kuinama?
"Wazee wao walibishana, kisimame au kilale.
Wakapatana kiiname."

Nikacheka. Kisha nikamkumbuka bibi.

Bibi Nyabhenda aliolewa kwa Rumvura, kule Heru Juu.
Baba mkwe hatajwi,
na jina la huyu lilibeba mvua tumboni;
basi kwa miaka hamsini na mitatu
bibi hakuitaja mvua, si kwa Kiha, si kwa Kiswahili.
Masika yote ya Kasulu yalipita kinywani mwake bila jina.
"Anueni nguo, yanakuja ya juu."
"Mahindi yanamlilia yule."
Mkwe akafa. Mume akafa. Hakuitaja.
Mwalimu wa kisomo cha watu wazima alimwandikia ubaoni,
naye akazisoma herufi moja moja,
kama anayevuka mto kwa mawe,
na ng'ambo alipoifikia hakukanyaga.

"Hata wao," frateri akasema,
"wakizihesabu zile nne, wanazipinda kidogo."
Kisha, kwa sauti ya chini:
wapo waliofundisha kwamba mwanzo Mungu alijaa kila mahali,
hapakuwa na hata ufa wa kuchomeka dunia.
Basi akajikunja. Akasogea.

Nikaiona njia ya Heru, migomba huku na huku,
bibi na mzigo wa kuni kichwani,
mkwe wake anateremka na fimbo,
naye anatoka njiani, anaugeuzia uso majani
hadi nyayo zipite.
Miaka yote nilidhani anayepisha ndiye mdogo.

Ngozi iliyopoteza herufi haifai tena mlangoni.
Haichomwi, haitupwi. Inazikwa, kama mtu.
Sikushangaa; Ujiji nimeona misahafu iliyochakaa
ikisitiriwa vivyo hivyo.
Jumamosi tukapanda basi la Kasulu, na jembe la kuazima.
Kando ya bibi, udongo mwekundu, kina cha mkono.
Nilikilaza kimeinama.
Pimamaji nililiacha nyumbani.

Alumini imenyooka, inang'aa, mwenyewe ameridhika.
Bado ananidai vitasa viwili.

Jana jioni wingu lilitoka Kongo, likavuka ziwa bila kuomba ruhusa.
Kamba yangu imejaa mashati ya shule.
Nikafungua mlango niwaite watoto,
neno likafika kwenye meno,
likageuza uso, likapisha.
"Anueni," nikasema. "Yanakuja ya juu."