Sekunde Nne

Studio yetu ipo Wadi Kabir, juu ya duka la spea.
Ngazi zinanuka mpira mpya na chai ya karaki,
na kiyoyozi hatukiwashi wakati wa kurekodi,
kwani mashine husikia kila kinachopumua.

Mundhir alikuja mwezi wa saba,
kanzu imemganda mgongoni, kofia mkononi,
na ndani ya simu yake, wimbo wa shangazi.

Bi Ghaniya aliuimba jikoni kwake, Mabela,
sufuria inatokota, mwiko ndio ngoma:

      Nimekupa ufunguo, mlango usiuuze.

Hapo katikati, akishasema ufunguo,
huwa anacheka. Sijui anamcheka nani.
Labda marehemu mumewe, labda mlango wenyewe
uliobaki Unguja na sasa unafunguliwa na wengine.
Sekunde nne. Nilizipima.
Kisha sauti inarudi imelowa kidogo,
kama mtu aliyekwenda kunawa uso makusudi.

Kampuni ya simu ilimtuma mtu kutoka Dubai,
kijana mpole, viatu bila soksi.
Alisikiliza mara mbili, amefumba macho.
Simsemi vibaya: machozi yalimlengalenga.
Halafu akasema, "Zuri mno. Hicho kicheko kitoe.
Tangazo ni sekunde thelathini."

Akatoa na karatasi ya maneno mapya:

      Nimekupa ufunguo, laini usiizime.

Mizani imetimia, hilo siwezi kulikana.
Nane kwa nane, mwalimu yeyote angetia vyema.

Mundhir alinitazama kupitia kioo.
Nilingoja aseme neno. Naye, nadhani,
alikuwa akiningoja mimi.
Yeye ana mkopo wa gari, mimi kodi ya miezi mitatu.
Zamani, kule Seeb, tulipopiga kinanda maharusini
kwa malipo ya sahani ya biriani,
tuliapa, vinywa vimejaa,
kwamba hatutauza hata noti moja.
Kiapo cha mwenye shibe.

Basi nikakata. Kidole kimoja, mara moja.
Nikashona palipokatwa, nikalainisha,
hata leo nikirudia kusikiliza
mshono siuoni.
Hiyo ndiyo kazi yangu, na naijua.

Wakatulipa. Tena kwa wakati,
jambo ambalo wapenzi wa sanaa
hawajawahi kutufanyia.

Wimbo sasa umejaa kila mahali:
supamaketi, kati ya jodari na mchele,
kwenye foleni ya benki, kituo cha petroli saa sita usiku,
dereva anaupiga mluzi huku akihesabu baisa.

Nilikwenda kwa Bi Ghaniya kumtaka radhi.
Nilijiandaa kwa matusi, hata kwa machozi.
Akauliza, "Mmepewa ngapi?"
Nikamtajia. Akafikiri kidogo.
"Mngedai zaidi," akasema,
akanisogezea sahani ya halua.

Ijumaa iliyopita aliozwa mjukuu wake.
Mimi nipo na mitambo, nyuma ya pazia la wanawake,
vyombo masikioni, sioni mtu, nasikia bangili.
Wakamshikilia aimbe. Akaimba,
na alipofika kwenye ufunguo
akacheka, palepale.
Sikuhitaji saa.
Faili la kile nilichokikata ninalo bado,
nimelipa jina "takataka" ili lisiibwe,
lakini hiki kilikuwa hai, kina mate, kina pumzi,
na mkono wangu ukaacha swichi peke yake.

Ndipo kipaza sauti kikanasa sauti ndogo,
ya mtoto wa miaka sita hivi, halua mdomoni:
"Bibi, umekosea. Hapo hamna kicheko."

Ukumbi mzima ukaangua.
Bi Ghaniya akakohoa, akaanza upya.
Safari hii hakukosea.