Maweni, Masika Yakiisha

Tulishika njia ya maweni, nyuma ya Muyuni,
Mize mbele, makubadhi mkononi:
"Jiwe likinichoma ndiyo nitajua nilipo."

Mvua imeshafanya kazi yake.
Mwafu umelivaa jiwe, maua meupe,
harufu kama nguo za harusi
zilizosahauliwa sandukuni.
Tondo wamepanda mashina.
Ninga analia, haonekani.

Kisha paa nunga.
Ameganda, miguu imejaa madoa,
kilua kinaning'inia mdomoni
kama mtu aliyefumaniwa akila
mchana wa Ramadhani.

Tukabana pumzi.
Mize akapiga chafya.

Kichaka kikafunga mlango.

Njia nzima ya kurudi ananitaka radhi,
nami nacheka tu,
nimeshika kilua chenye alama za meno.