Sahani Tisa

Kurasa tatu nilizijaza usiku ule,
mabano juu ya mabano,
moja na i, mara moja na i, mara moja na i,
hata alama ya hasi ikaniponyoka mahali
kama mbuzi aliyeona ua una tundu,
na jibu la kipeo cha nane likawa takataka.
Mwalimu Barongo alikuwa ametuonya:
"Msipigane nayo. Iulizeni mambo mawili tu,
ina urefu gani, na inaelekea wapi."
Maneno yake niliyaandika pembezoni,
nikayapigia mstari kwa kalamu nyekundu,
nisiyaelewe.

Baba alikuwa kibandani, mikono majini,
akilisugua jiwe kwa msasa.
Vumbi la Tabaka halina adabu:
lilikaa kwenye nyusi zake, likaingia chai,
na kola ya sare yangu limeikalia tangu darasa la kwanza.
Mnunuzi wa Kisumu alikuwa ameagiza sahani tisa,
ya kwanza kama shilingi, ya mwisho kama sinia,
zipandane,
na kila moja ichongwe ndege mmoja tu.

"Unapimaje?" nilimuuliza,
kwa kuchoka, si kwa kutaka kujua.
Akavuta uzi.
"Upana wa hii, uchoree mraba.
Pima kona hadi kona, mshazari.
Huo ndio upana wa inayofuata.
Kisha mgeuze ndege nusu ya pembe mraba,
asije akamkanyaga mwenzake kichwa."
Akatema vumbi, akaendelea kusugua.

Nikaziangalia.
Ndege wa kwanza alitazama mlango.
Wa pili, kati ya mlango na dirisha.
Wa tatu, dirisha lenyewe,
na sahani yake maradufu ya ile ya kwanza.
Wa tano, hapo nikasimama,
wa tano aliupa mlango mgongo,
upana wake mara nne:
hasi nne!
Kumbe mbuzi wangu alikuwa hapa.
Na wa tisa akaurudia mlango,
inchi kumi na sita kavu, bila chembe ya i,
amekwisha kuzunguka duara zima
pasipo kufungua bano hata moja.

Urefu huzidishwa. Pembe hujumlishwa tu.
Nililisema kwa sauti,
baba akadhani namsemesha yeye.

"Na hiyo i yenu," akauliza,
"ambayo kaka yako Obebo anasema ni namba ya kubuni?"
Nikaishika sahani, ndege akitazama mlango.
Nikaigeuza robo. "Hii ni i."
Nikaigeuza robo nyingine. "Hii ni i mara i."
Ndege akatazama ukuta.
"Hasi moja, baba."
Akaninyang'anya, akaigeuza mwenyewe,
robo, tena robo, polepole,
kama mtu anayekagua noti ya elfu.
"Basi si uongo," akasema. "Ni kugeuka."

Asubuhi mnunuzi alichukua saba.
Zile mbili ndogo, alisema, hazina soko,
na hela ikapungua kuliko zilivyopungua sahani.
Moja mama ameiweka chini ya mguu wa meza unaochechemea.
Ile ya shilingi imo mkebeni mwangu wa jiometri,
inagombana na bikari kila ninapopiga hatua.

Ila kuna swali aliloniuliza usiku ule,
taa ikiwa imeanza kutoa moshi.
"Na mtu akirudi nyuma? Kabla ya shilingi?"
"Zinapungua, baba. Zinageukia upande wa pili.
Zinapungua tena. Hazifiki mwisho."
Akakifungua kiganja, akakisogeza kwenye mwanga,
akalitazama vumbi lililobaki katika mistari ya ngozi,
akalitazama kwa muda mrefu,
asilipulize.